Vikapu Vilivyoachwa Dukani

Jumatatu, 3 Machi

Mchumba wangu wa makao makuu,

Anayekuandikia hapa ni bingwa wa kompyuta. Ile mashine mliyotuletea nimeitia adabu kwa siku mbili tu, na sasa mameneja wa matawi mengine wanapiga simu kutaka kujua mzee amewezaje.

Haya, nimedanganya. Aliyepiga simu ni mmoja, na alikosea namba. Mashine anaiendesha Bi Keshia, mimi kazi yangu ni kushika mkia wa kipanya kisidondoke mezani. Lakini nakishika vizuri, muulize mwenyewe.

Kila asubuhi Bi Keshia anabonyeza anapobonyeza, mashine inanguruma, inatapika karatasi. Watu wameagiza vitabu wakiwa wamejilaza makwao. Tunavitafuta rafuni, tunavifunga, vingine vinaondoka na gari la kampuni Jumatatu na Alhamisi, vingine wenyewe wanavifuata hapa. Nilidhani mtandao umekuja kunifukuza, kumbe umekuja kunipa miguu mingi zaidi ya kutembea. Miaka thelathini na minane nimesimama nyuma ya kaunta hii na darasa la nne langu, nikiwauzia maprofesa vitabu nisivyovielewa hata jalada, na sijawahi kutembea kama wiki hii.

Jambo moja tu la watu wa siku hizi linanishinda. Wanaacha sana vikapu. Mtu anachagua vitabu vyake, anaacha kikapu dukani, anaenda zake kimya. Zamani mtu akikuachia kikapu anakwambia, mzee niangalizie, narudi. Hawa hata kuaga hawaagi. Lakini usiwe na shaka, nimevitengea rafu nzima kando ya dirisha. Hakuna kikapu cha mtu kitakachopotea mikononi mwangu.

Mama yako anasema unakula umesimama. Keti, mwanamke. Nitamwoa nani wewe ukikonda?

Barua hii nimeichomeka kwenye boksi la vitabu vinavyorudi, chini ya zile atlasi zilizolowa. Ikinuka uvundo usinisingizie mimi.

Babu yako

*

Alhamisi, 6 Machi

Babu yangu, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza nasoma nini. Nikamwambia ripoti ya tawi.

Ahsante kwa kuvitunza vikapu. Wenzenu wa tawi la stendi wameibiwa vyote thelathini, wateja sasa wanatembea na vitabu kwapani. Ila usijisumbue kuvipa rafu, babu, rafu ni ya vitabu. Watu wakiviacha hovyo, virundike tu karibu na mlango, kimoja ndani ya kingine.

Sasa nisikilize kwa jambo moja, na usilifanyie mzaha. Kila oda ya mtandaoni inayokuja kwenu, itoeni siku hiyohiyo. Msirudishe oda. Mwezi huu matawi yote yanapimwa kwa oda. Zaidi ya hapo siwezi kusema, ila nakuomba sana.

Mama anatia chumvi. Nakula nimeketi, ila naketi kwa muda mfupi.

Mjukuu wako

*

Jumatatu, 17 Machi

Mchumba,

Marahaba. Wiki iliyopita sikuandika kwa sababu nilikuwa nimenuna. Nirundike vikapu vya watu mlangoni, kimoja ndani ya kingine? Vichanganyike, halafu wenyewe wakija niwaambie nini? Nimegundua kwamba wewe na shahada zako zote hujawahi kumwangalizia mtu mzigo.

Nikupe hesabu uone kazi. Mpaka leo nimeachiwa vikapu arobaini na kimoja. Vitabu vya kila mmoja nimevitoa rafuni, nimevifunga kwa uzi, na juu yake karatasi yenye jina la mwenyewe. Vimejipanga pale dirishani kama watoto wanaosubiri kuchukuliwa shuleni. Ukipita barabarani utasimama.

Kinachonikera ni kwamba huko kwenu kuna mtu mwenye wazimu. Kila siku anatuma oda: toa kitabu fulani, kipelekwe kwa fulani, kimeshalipiwa. Naenda kutafuta, kitabu kipo, lakini ni hichohicho kimoja na kina mwenyewe, kimo kwenye kikapu chake. Nimnyang'anye? Namwambia Bi Keshia abonyeze pale palipoandikwa “Hakuna”. Mara kumi na nne mpaka jana. Bi Keshia alitaka kuleta ubishi, nikamkumbusha nani mkubwa hapa. Akaniambia mkubwa ni yeye, kwa sababu funguo za keshi anazo yeye. Lakini alibonyeza.

Tena nimekwenda mbele zaidi, utajivunia. Niliona wengine wanachelewa, nikahisi wamesahau. Anwani zao mnazichapa wenyewe kwenye ile karatasi ya asubuhi, sehemu ya chini palipoandikwa “Vikapu vilivyoachwa dukani”. Basi kila mmoja namwandikia barua kwa mkono: “Kikapu chako kipo. Hakuna aliyekigusa. Njoo kwa muda wako, tunafunga saa kumi na mbili jioni.” Bi Keshia ananihariri. Anasema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga wino, lakini zinafika.

Na wameanza kuja.

Babu yako, mtunza vikapu

*

Alhamisi, 20 Machi

Babu, shikamoo.

Barua yako niliianza nimesimama kwenye korido, nikaimalizia nimekaa kwenye ngazi.

Vikapu hivyo si vikapu. Mimi nilidhani unazungumzia vile vya plastiki. Mtu anakuwa kwenye simu yake, anapenda kitabu, anabonyeza, kitabu kinaingia mahali tunapopaita kikapu. Kisha hamalizi. Halipi. Anazima simu na kuendelea na mambo yake. Hajakuachia kitu, babu. Ameghairi. “Kuacha” hapo ni kama kuacha kazi au kuacha sigara, si kama kumwacha mtoto kwa jirani.

Kosa ni langu. Maneno yale ya kwenye karatasi niliyaandika mimi. Niliyageuza kutoka lugha ya mtambo asubuhi moja nikiwa na haraka, na sikuwaza hata kidogo kwamba kuna mtu atayasoma kwa Kiswahili. Na yule mwenye wazimu anayekutumia oda ni mimi, pamoja na mtambo wangu.

Sasa la pili, na hili nimelibeba wiki tatu. Kampuni inafunga matawi matatu kati ya tisa. Orodha naiandaa mimi. Nilipewa kazi hiyo mwishoni mwa Februari na kila nilipochukua kalamu nikuandikie, nilikuandikia kitu kingine. Tawi lenu lilikuwa la tano. Lilikuwa salama kabisa, na sikulipendelea. Baada ya oda kumi na nne kurudi na “Hakuna” wakati mtambo unaona vitabu vipo, limeshuka hadi la nane. Saba, nane na tisa ndiyo yanayofungwa. Kikao ni tarehe 31.

Tafadhali fungua vifurushi leo hii. Rudisha vitabu rafuni, kila oda itoke. Huenda mkapanda.

Nilikuficha kwa sababu sikujua nitakuandikiaje kwamba mkono unaokuamkia ndio huohuo unaopanga nani afungiwe. Nisamehe, babu.

Mjukuu wako

*

Jumatatu, 24 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya nne nikampa Bi Keshia anisomee, nikitumaini kwa sauti yake itakuwa nyepesi. Haikuwa. Nilikwenda kukaa stoo juu ya boksi, na Bi Keshia akaja na chupa ya maji akidhani nimezimia. Nikamwambia siwezi kuzimia saa za kazi.

Vifurushi nimevifungua kama ulivyoagiza. Vilikuwa ishirini na vitatu. Wewe ulitegemea arobaini na kimoja, najua, umeshaanza kutoa macho. Tulia. Wale wengine kumi na wanane walikuja. Walishika barua zangu mkononi, wakaulizia vikapu vyao, wakalipa kwa Bi Keshia na kuondoka na vitabu. Kumi na wanane, na mimi ni mzee niliyeelewa vibaya.

Na kwa kuwa nina mdomo, kila mmoja nilimchokoza: kwa nini ulikiacha? Mama mmoja mshona nguo akaniambia alitaka kulipa, mtandao ukamwomba kadi ya benki, na yeye benki anaijua kwa kupita nje. Mwalimu mstaafu alitaka kwanza kuona ukubwa wa herufi, maana picha ya jalada haisemi kama ndani utahitaji darubini. Alikifungua kitabu hapahapa, akasoma kurasa sita amesimama, akanunua na cha pili. Wanne waliniambia kupelekewa nyumbani kunazidi bei ya kitabu chenyewe, na hakuna aliyewaonyesha kwamba wanaweza kukifuata bure. Dada mmoja ana sanduku la posta la kazini, lakini nyumba yao haina namba wala barabara yenye jina. Safari moja ya nyuma mleta mizigo alimpigia simu mara tisa siku moja akiuliza uko wapi, naye akajibu nipo hapa, mpaka wote wawili wakachoka.

Halafu kuna mmoja, na huyu ni wako peke yako, usimtie kwenye ripoti. Fundi wa mabomba, mtu mzima, mabega kama mlango. Kikapu chake kilikuwa na kitabu cha kwanza cha kusoma, kile chenye a, e, i, o, u. Kumbe kukiagiza alimwomba mwenzake ambonyezee, na mwenzake alipouliza kipelekwe wapi, akaogopa kutaja karakana, akataja duka la mtaani kwao, kisha akamwambia aache. Barua yangu aliisomewa na muuza duka huyo. Alisimama hapo kaunta akaniambia ni cha mtoto wake. Nikamwambia vizuri, mwambie mtoto aanzie ukurasa wa tisa, zile za mwanzo zina mapicha ya kumdumaza. Baada ya siku nne akarudi. Akasema, “Mzee, mtoto amekwama ukurasa wa kumi na nne.” Nikamwambia mlete mtoto kesho asubuhi kabla hatujafungua. Akaja peke yake. Sikumuuliza mtoto yuko wapi. Tulikaa chumba cha nyuma, yeye na darasa lake sifuri, mimi na darasa langu la nne, tukaumaliza ukurasa wa kumi na nne.

Kwa hiyo nikuambie kitu, msomi wangu. Hawakughairi. Walikwama. Mmoja kwenye kadi, mmoja kwenye herufi, mmoja kwenye barabara isiyo na jina, mmoja kwenye aibu. Na palipo na mtu wa kumwambia njoo, kipo, wamekwamuka. Waliacha kwa maana yangu, siyo kwa maana yako.

Kuhusu orodha. Ningependa kusema sikuumia, ila leo uongo wangu wa wiki nimeshautumia kwa Bi Keshia. Kilichoniuma ni wewe kubeba mzigo huo wiki tatu huku unanichekea barua zangu. Mimi ningebeba upande mmoja.

Ila usiniokoe kwa mlango wa nyuma. Kama namba zinasema nane, andika nane. Nikifungiwa nitakaa nyumbani nimsumbue mama yako. Ukiwadanganya wakubwa zako kwa ajili yangu, mimi ndiye nitakayeshindwa kukutazama.

Babu yako

*

Alhamisi, 3 Aprili

Babu yangu, shikamoo.

Niliandika nane.

Kisha nikasimama nikawaambia kwamba msimamizi wa tawi la nane ni babu yangu, mzaa mama, na kwamba nilipaswa kulisema siku ya kwanza. Walinipokonya orodha palepale, wakampa mwenzangu wa meza ya pili. Nina barua ya onyo kwenye faili. Sijaumia kama nilivyodhani nitaumia.

Kabla sijaketi niliomba dakika tano. Nikawaambia mwezi Machi vikapu vilivyoachwa katika matawi yote tisa ni elfu moja na ushee. Mtambo uliwatumia wote ujumbe ulioandikwa “Mpendwa mteja, umesahau kitu.” Aliyerudi hakuna hata mmoja. Waliorudi ni kumi na wanane wa tawi moja, na walirudi kwa barua ya mkono. Mkurugenzi wa fedha alicheka, akasema mzee amebahatisha. Nikamsomea sababu zako moja baada ya nyingine, kama ulivyoziandika, na darubini yako humo. Nilipofika kwenye dada wa mleta mizigo aliacha kucheka, kwa sababu na kwao nyumba haina namba. Fundi wa mabomba sikumtaja. Huyo ni wetu.

Mwenzangu hakutaka kuniamini kwa kuwa ni mjukuu. Akawapigia simu wateja wako yeye mwenyewe. Mwalimu mstaafu alimshika nusu saa na akamsahihisha sarufi.

Uamuzi umetoka jana. Tawi lenu linabaki mpaka mwisho wa mwaka, kwa majaribio. Kila tawi litakuwa na rafu ya vikapu, na kwenye tovuti mtu akikwama ataulizwa kama angependa kitabu kimsubiri dukani, akione, alipe hapo. Yale maneno yangu kwenye karatasi yamefutwa. Sasa yatasomeka “Vinavyomsubiri mwenyewe”. Lakini kuna masharti, babu. Oda iliyolipiwa inatoka kwanza, hata kama kitabu ni kimoja. Kikapu kinatunzwa siku saba, basi. Hakuna anayepelekewa barua bila kuulizwa kwanza kama anataka. Na chumba chenu cha nyuma kinageuzwa ghala dogo la oda, pamoja na meza ya kufungia. Najua chumba hicho kilikuwa na kazi nyingine asubuhi. Nilijaribu kukitetea, nikashindwa kueleza kwa nini bila kumtaja mtu.

Matawi mawili yanafungwa. La stendi ni mojawapo. Niliyaandika kwa mkono wangu kabla hawajanipokonya kalamu, na yalibaki palepale nilipoyaweka.

Mjukuu wako

*

Jumatatu, 7 Aprili

Mchumba wangu mwenye onyo,

Marahaba. Bi Keshia amesikia habari, akanuna kwa kuwa hukumtaja kwenye kikao, wakati barua zote amezihariri yeye. Nimemwambia ulimtaja mara mbili. Ukija kumwona usiniumbue.

Siku saba ni chache. Mshona nguo alikuja siku ya kumi na moja. Lakini nimekubali, nimepiga mstari kwenye kalenda, na leo nimetoa vitabu viwili vilivyokuwa na wenyewe nikavipeleka kwa waliolipia. Mkono ulikuwa mzito. Ulivitoa hivyohivyo.

Chumba cha nyuma wasikusumbue. Benchi tumelihamishia mbele, nyuma ya rafu ya kamusi, mtu akipita barabarani haoni kitu ila migongo ya kamusi. Tuko ukurasa wa thelathini. Juzi alipokuwa akichukua kitabu cha pili, Bi Keshia alimsukumia daftari la mapokezi pamoja na kile kidau cha wino wa dole gumba, kwa mazoea. Fundi akakisogeza kando. Akachukua kalamu, akainamia daftari muda mrefu mpaka foleni ikaanza kukohoa. Aliandika jina lake. Herufi moja imegeukia ukutani lakini nyingine zote zinatazama mbele. Bi Keshia alijitia kutafuta chenji.

Mwenzangu wa stendi nimemwandikia. Tulianza kazi mwaka mmoja, na hivyo vikapu vyake thelathini vilimwuma kuliko alivyokuambia. Nimemwambia Jumamosi aje asimame nasi dirishani, anajua watu wengi kuliko mimi. Kuhusu kuyaandika majina yao: uliandika kilichokuwepo. Ukitaka kulia, lia, kisha ule. Umeketi.

Sasa tuzungumze wakubwa kwa wakubwa. Orodha ulinificha wiki tatu, nami nikakusamehe bila hata kukukunjia uso, kwa hiyo kuna fadhila moja nakudai, na ni ndogo. Jana Bi Keshia amenibonyezea kitabu kimoja, cha maandishi makubwa. Sababu usiulize, na mama yako asijue. Tumekiweka kwenye kikapu cha lile duka la kampuni lililo chini ya ofisi yenu, kisha tukakiacha, kwa maana yangu. Miaka minne uko huko na sijawahi kufika, kwa sababu mzee akifunga safari bila cha kufuata watu wanadhani anaaga. Basi shuka ngazi, kitoe rafuni, kifunge kwa uzi. Halafu niandikie kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mtambo, uniambie tu kwamba kipo, ili nije kukichukua.

Babu yako